Diwani Aliyeogeshwa Joshoni

Kuntai mimi sikumpenda, na hilo nalisema mapema msije mkadhani nimehongwa. Jina langu Mashavu, Mzigua, Mwislamu, nauza chai na maandazi karibu na uwanja wa mnada tangu enzi za kupanga foleni ya sukari, mpaka ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara, sukari ikajaa madukani na hela ya kuinunulia ikatoweka. Ubatizo wa watu haunihusu. Lakini kuna jambo nililiona kwa macho yangu haya mawili, na kila nikilikumbuka mwili unanisisimka. Kwa hiyo ukinywa chai kwangu utalisikia, utake usitake.

Yule mzee unayemwona pale joshoni siku za kuogesha ng'ombe, mwenye mti mrefu mkononi na masikio yaliyotobolewa, ndiye Kuntai. Hana cheo, hagombei, na wakimshawishi agombee anacheka tu. Zamani alikuwa diwani wetu. Habari yake ni ndefu, ila kiini chake ni kidogo: kama mwanamke mmoja atamsamehe au hatamsamehe. Hayo mengine yote ni njia ya kufikia hapo.

Kijiji chetu kiko huku Handeni, mbele ya Sindeni, ukielekea mbugani. Sisi Wazigua tunalima mahindi na ufuta, Wamasai wanachunga. Tunagombana ng'ombe wakiingia shambani, tunapatana, tunagombana tena, maisha yanakwenda. Kuntai alizaliwa kwenye maboma ya mbugani, akasoma mpaka darasa la saba, na mdomo aliokuwa nao, lo! Angeweza kukuuzia ng'ombe wako mwenyewe na ukamshukuru. Chama kikampa nafasi, akagombea, akapita. Siku ile tulipiga vigelegele, Wazigua kwa Wamasai. Alishuka kwenye Landrova amevaa suti ya Kaunda, rungu mkononi, na mimi nikampa chai bure. Sijawahi kumpa mwanasiasa mwingine chai ya bure tangu siku hiyo.

Sasa, josho. Kwa asiyejua, josho ni mfereji mrefu wa saruji, mwembamba, unaojazwa maji na kutiwa dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaruka upande wenye kina, anaogelea, anapanda ngazi upande wa pili akichuruzika. Mtu husimama ukingoni na mti wenye panda, akikandamiza kichwa cha kila ng'ombe mpaka kizame, maana kupe wanaoleta ndigana, ugonjwa unaomaliza ng'ombe, hujificha masikioni, na ng'ombe hapendi kabisa kuzamisha masikio. Dawa ikikolea, maji huwa meupe kama maziwa. Josho letu lilijengwa na serikali miaka ya vijiji vya ujamaa, na dawa ilikuwa inaletwa bure.

Ilipokuja ruksa serikali ikanawa mikono. Wafugaji wakaambiwa changieni dawa wenyewe. Wakauza mitamba, wakachanga, wakamkabidhi nani? Diwani wao, mtoto wao. Kuntai akaenda Korogwe, akarudi juu ya lori na madebe ya dawa, watu wakamshangilia. Kumbe yale madebe yalipumzika tu hapa. Baada ya siku chache yakapanda lori jingine, yakauzwa upya kwa mfanyabiashara mmoja upande wa Kerenge. Joshoni Kuntai akatia chokaa. Ndiyo, chokaa, ile ya kupaka ukuta. Maji yakawa meupe vizuri, ng'ombe wakaogelea, wenyewe wakarudi nyumbani roho zao zimetulia. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi nguo ile tuliishona wenyewe.

Masika yalipoanza ndama wakaanza kufa. Halafu ng'ombe wakubwa. Unamkuta ng'ombe amevimba tezi chini ya masikio, anahema, povu linamtoka puani, kesho yake ngozi. Harufu ilifika mpaka kwenye banda langu, nikauza chai huku nimejifunga kanga puani. Walioumia zaidi walikuwa watu wa boma la Lenku. Huyu Lenku alikuwa rika moja na Kuntai. Walitahiriwa msimu mmoja, wakakaa porini pamoja wakila nyama kama vijana wao wanavyofanya, na kwa Wamasai mtu wa rika lako ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Unaweza kumnyima ndugu yako. Wa rika lako huwezi. Na Kuntai alikuwa amemwibia huyo.

Aliyemuumbua ni mke wa Lenku, Nanyori, ambaye wengi tunamwita Mama Naisiae kwa jina la binti yake. Mwembamba, mrefu, hasemi sana. Kulikuwa na mkutano wa hadhara, Kuntai amekaa mezani na kitambaa cheupe mbele yake, anaeleza kwamba ugonjwa umetoka upande wa Kiteto na wataalamu wanaufuatilia. Nanyori akatoka huko nyuma walikokaa wanawake, akapita katikati ya wanaume, akafika mezani, akafungua kiganja.

"Huyu nimemtoa kwenye sikio la ng'ombe niliyemwogesha jana," alisema.

Akamweka juu ya kitambaa. Kupe. Sote tuliokaa mbele tukainuka kutazama. Na yule kupe akatembea. Haki ya Mungu alitembea, taratibu, kwenye kile kitambaa cheupe, akielekea upande wa diwani. Kupe aliyepita kwenye dawa hatembei, hata mtoto anayechunga mbuzi anajua hivyo. Tukamtazama Kuntai, tukingoja ule mdomo wake. Halafu akafanya kosa ambalo mpaka leo analisimulia mwenyewe: akamfunika kupe kwa kiganja chake. Mtu asiye na hatia angemponda au angempuliza. Yeye alimficha, mbele ya kijiji kizima.

Siku za mwizi arobaini, yeye alipata nyingi zaidi, ila zilikwisha. Chama kikamvua cheo. Kesi ikafunguliwa, ikapotea njiani, mnajua kesi za wakubwa zilivyo. Lakini rika lake halikumpoteza njiani. Walikaa kikao, wakasema hakuna atakayekula nyama naye, hakuna atakayemwamkia. Kwa Mmasai hiyo ni jela kubwa kuliko ya serikali. Kuntai akatoroka alfajiri moja na shuka lake. Ulipokuja uchaguzi wa vyama vingi tulimchagua mtu mwingine, na jina la Kuntai likabaki la kutishia watoto wanaodokoa sukari.

Lenku, ng'ombe wote wamekwisha, alifanya walichofanya wengi miaka ile. Alikwenda Dar es Salaam kulinda duka la mtu kwa rungu na shuka. Wezi wakaja na bunduki. Alirudi kwenye sanduku, juu ya basi. Nanyori hakulia mazikoni, alisema neno moja tu, na mimi nilikuwa karibu nikalisikia. "Kuntai alikula ng'ombe. Sasa amemla na mchungaji."

Kuntai yuko wapi wakati huo? Korogwe, anasukuma mkokoteni sokoni. Diwani! Aliyekuwa akipanda Landrova! Anabeba mizigo ya watu, akiulizwa kwao anasema Kiteto. Mteja wake mmoja alikuwa Dominiko, Msambaa wa Dindira, mtu mfupi mwenye kicheko kikubwa, anashusha kabichi na mapeasi kutoka milimani siku za soko. Jumapili ni mwinjilisti wa kanisa moja la hawa wanaozamisha watu majini. Kuntai alimsukumia kabichi msimu mzima na hawakuzungumza lolote zaidi ya kabichi.

Haya ninayosema sasa alinisimulia Kuntai mwenyewe, ameketi kwenye benchi langu lile. Siku moja alikuwa anasukuma mzigo wa Dominiko katikati ya soko. Mfugaji mmoja wa huku kwetu, aliyekwenda kuuza mbuzi, akamtambua. Akapiga ukelele: "Mwizi! Mwizi wa josho! Lenku amekufa kwa ajili yako!" Kuntai hakuwa amesikia kuhusu Lenku. Anasema mikono yake iliachia mkokoteni yenyewe. Angeweza kukimbia, miguu alikuwa nayo. Alisimama. Na ninyi mnajua neno mwizi linavyofanya kazi sokoni, watu hawaulizi ameiba nini. Jiwe la kwanza likaja, la pili, vijana wakaanza kutafuta tairi.

Basi yule Msambaa mfupi akaruka, akamwangusha Kuntai chini, akamlalia juu. Akalala pale kama kuku anavyolalia mayai, mawe yanampiga yeye. Moja lilimtoa meno mawili ya mbele. Wauza mboga wanamfahamu, wakaanza kupiga kelele, mwacheni mwinjilisti, mnaua mwinjilisti, ndipo watu wakarudi nyuma.

Kuntai akamuuliza, wote wawili wametapakaa vumbi na damu, "Ulikuwa unajua mimi ni nani?"

"Sikujua," Dominiko akamjibu, akitema damu. "Sasa najua. Inuka, kabichi zangu zinaungua jua."

Kuntai aliponieleza hilo alilia mbele yangu, mwanamume mzima. Akasema, "Mama Mashavu, mawe hayakuniliza. Kabichi ndizo zilizoniliza. Alijua mimi ni mwizi, na bado alitaka nimsukumie kabichi zake." Mimi nikamwambia anywe chai inapoa. Lakini nilishindwa kumtazama, nikageuka kuchochea moto.

Dominiko akampandisha Dindira. Huko ni baridi, majani ya chai mpaka upeo wa macho, ukungu unaingia ndani kama mgeni. Kuntai akalima, akachota maji, akaenda nao kanisani. Akaomba abatizwe. Dindira vijito viko kila bonde, kazi ya asubuhi moja. Dominiko akamfikisha kijitoni, akamvua shati, kisha akamuuliza swali: "Kuna mtu analia kwa sababu yako?"

"Yupo. Mjane wa Lenku."

"Basi maji haya yatakupa kikohozi bure. Vaa shati. Akikusamehe huyo, mimi nitakuzamisha hata kwenye sufuria. Asipokusamehe, tutaendelea kuomba tu, wewe na mimi, mpaka tuzeeke."

Nami nasema, mwinjilisti gani huyu? Wengine wanakubatiza ukiwa bado unaning'inia kwenye basi. Ila ndivyo alivyosema, na ndivyo ilivyokuwa. Kuntai akateremka kurudi huku, Dominiko nyuma yake na pengo lake mdomoni.

Ilikuwa kiangazi, siku ya mnada. Nilimwona anakuja kwa miguu, amekonda, mkononi ameshika majani mabichi aliyoyafunga kwenye kitambaa chenye maji. Aliyachuma Dindira, kwa sababu kwetu wakati ule hata jani moja bichi hukuti. Kwa Wamasai, mtu anayekuja ameshika majani anaomba amani, huruhusiwi kumpiga. Ukichukua jani kutoka mkononi mwake, umempokea. Usipochukua, hujampokea, naye hana la kusema. Uwanja mzima ukageuka kumtazama.

Mzee Tajeu ndiye aliyekuwa wa kwanza. Huyu ni mzee mkorofi, anapigana na kila mtu kuhusu bei, na kwangu anadai maandazi ni madogo kila siku ya Mungu. Alimzunguka Kuntai mara mbili, akamwambia, "Umezeeka vibaya," akanyakua jani. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Wapo waliochukua huku wamegeuza uso. Alipomaliza rika lake, akaja mpaka kwenye banda langu, kwa sababu Nanyori alikuwa kwangu, ameniletea maziwa ya mbuzi.

"Mama Naisiae," alisema, akainama, akanyoosha mkono. Lilikuwa limebaki konzi moja la majani, yamesinyaa.

Nanyori aliweka kibuyu chini. Akayatazama yale majani.

"Ng'ombe wangu hawali majani," alisema, "wamekufa." Halafu sauti ikampanda, mwanamke yule asiyesema sana. "Ulitufanya tuwatumbukize kwenye chokaa yako na tukakushukuru. Unataka nikusamehe? Josho lile limekauka, nenda ukalioshe. Ulijaze maji. Kisha uruke humo wewe mwenyewe, kama walivyoruka ng'ombe wangu, uogelee mbele ya watu wote, na mimi nitakukandamiza kichwa kwa mti. Ukitoka, ndipo tutazungumza."

Watu wakacheka, nami nilicheka, nasema kweli. Ilikuwa aibu ya kumfanya mtu akimbie hadi Pangani. Kuntai akabaki ameinama. Lakini yule Dominiko! Alipiga makofi, akaruka, akapaza sauti, "Bwana asifiwe! Mama, huo ndio ubatizo wenyewe!"

"Wewe mtu wa milimani una akili timamu?" nilimfokea. "Mwenzio anatukanwa, wewe unashangilia!"

"Hapana, mama. Ameambiwa aoshwe. Nimeshindwa miezi yote kumweleza vizuri hivyo."

Nanyori akamtazama kama anavyotazamwa mwendawazimu, akachukua kibuyu chake, akaondoka. Jani hakuchukua.

Kuntai akaingia joshoni kesho yake. Ile chokaa ilikuwa imeganda kwenye kuta, ngumu kama saruji yenyewe. Alipata patasi na nyundo, akaibandua kipande kwa kipande, amepiga magoti chini kwenye jua la Handeni ambalo halimwonei mtu huruma. Alisugua kwa mchanga, akasugua kwa majivu. Mikono ikachunika. Nilimpelekea chai kwa hasira, nikaiweka ukingoni na kumwambia asidhani nimemsamehe ng'ombe wangu wawili, wale niliompa Tajeu anichungie wakafia bomani kwake. Akasema, "Ahsante, Mama Mashavu." Nilirudi na hasira zangu, zimepungua kidogo.

Kazi ya maji ndiyo ilikuwa mlima. Kisima kiko mbali, na kiangazi kila boma lina zamu yake. Kuntai hakudai zamu, alingoja wote wamalize, akachota tope lililobaki, akaliacha litulie, akabeba madumu begani kwa mzega, moja kila ncha ya mti. Anamwaga joshoni, jua linakunywa nusu. Wiki zikapita na maji hayajafika magotini. Nanyori alipita pale kila siku na punda wake akitoka kisimani. Alitazama ndani, hakusalimu, akaenda zake. Sisi tukaanza kuona haya kwa niaba yao wote wawili.

Tajeu ndiye aliyefungua fundo, na wala si kwa upole. Alisimama mnadani akafoka, "Josho limeoshwa, tunakaa tunatazama kama wajinga! Kumjazia mtu mmoja maji ni hasara. Tuchangie dawa, dawa ya kweli, na akae nayo Nanyori. Huyu mwizi aoge kwanza, kesho yake tutie dawa, waoge ng'ombe." Hapo kila mtu akaona maana. Asubuhi iliyofuata punda walikuja kwa mstari kutoka maboma yote. Wanawake wa Kizigua nao wakaja na ndoo, maana nani hana mbuzi wa kuogesha? Mimi nilipeleka ndoo zangu. Msiniulize kwa nini, nilipeleka tu. Nanyori alikuja wa mwisho na punda wake wawili, akamwaga maji yake upande wenye kina, akakusanya madumu na kuondoka. Kuntai alisimama kando na kichwa chini, hakuthubutu hata kushukuru.

Ikafika Jumapili. Walishuka watu wa kanisa kutoka Dindira, walikuja watu wa Sindeni, wakaja Waislamu wengi tu, na mimi na kapu langu la maandazi, biashara haina dini. Watu wakapanga mistari pande mbili za josho. Dominiko alikuwa ameahidi ataingia naye majini. Alipochungulia upande wenye kina uso ukambadilika. Mtu wa vijito vya magotini! Akaamua kusimama kwenye ngazi za kutokea, maji kifuani, meno mawili hayapo na mengine yanagongana. "Atanifuata huku," alisema.

Nanyori akatokea. Amevaa shanga zake zote, kitu ambacho hakufanya tangu Lenku azikwe. Akaenda moja kwa moja kwenye nguzo, akachukua ule mti mrefu wenye panda, akasimama ukingoni mahali pa mkandamizaji. Hakuna aliyecheka tena. Nikafikiri, mwanamke huyu anaweza kumuua mtu hapa, na sisi tukashuhudia, na hakuna hata mmoja atakayesema lilikuwa kosa.

Kuntai alivua shuka, akabaki na kaptula. Akapita kwenye ile njia ya ng'ombe yenye uzio wa magogo pande mbili. Mwisho wake alisimama. Kisha akaruka.

Maji yalipiga kelele, akapotea, akaibuka. Hajui kuogelea. Aling'ang'ania ukuta kwa kucha, kichwa juu, macho yamemtoka, shingo imenyooka kabisa kama ng'ombe aliyeruka kwa mara ya kwanza. Maji yalimfika kidevuni, masikio juu ya maji. Dominiko akapaza sauti kutoka ngazini, "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu! Zama, ndugu yangu! Zama!" Kuntai hakuweza. Alitaka, nilimwona anataka, lakini shingo ilikataa.

Nanyori akashusha mti. Panda ikamkaa shingoni.

"Nanyori," Tajeu aliita, sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Hakugeuka. Kuntai aliinua macho akamtazama, halafu akaachia ukuta. Mikono yote miwili. Nanyori akakandamiza. Kichwa kikaenda chini, masikio na vyote, maji yakafunga juu yake. Hakupigana. Mapovu yalipanda, yakapungua. Nikasikia mtu anasoma shahada kwa sauti, kumbe ni mimi. Ule mti ulitetemeka mpaka ukachora mawimbi majini.

Ghafla akautupa. Akaanguka kifudifudi kwenye saruji na shanga zake zote, akaingiza mikono majini mpaka mabegani, akamshika Kuntai kwa nywele, kwa sikio, kwa chochote, akamvuta huku akitambaa ukingoni kuelekea ngazi. Sote tukakimbia kusaidia lakini alikuwa amekwisha kumfikisha ngazini. Kuntai akatoka anakohoa, maji yanamtoka puani, akapiga magoti juu ya ngazi. Na Nanyori akainama, akamtemea mate kichwani.

Dominiko akawaka. "Mama! Baada ya yote haya unamtemea mtu mate?" Alikuwa anataka kuwatenganisha.

"Ondoka hapo, wewe!" Tajeu alimsukuma. Machozi yalikuwa yanamtiririka yule mzee mkorofi. "Amembariki! Hivyo ndivyo tunavyobariki. Mama anamtemea hivyo mtoto aliyemzaa."

Subhanallah. Mimi nina kitabu changu na swala zangu tano, na sijawahi kusimama karibu na Mungu kama niliposimama pale, kapu la maandazi limemwagika miguuni. Watu walikuwa wanahema tu, kama waliotoka majini ni wao.

Dominiko alifuta uso, akakumbuka kazi yake, akainua mkono wa Kuntai. "Wapendwa! Kuanzia leo ndugu yetu anaitwa Mikaeli!" Watu wa kanisa wakaanza vigelegele.

"Nani?" aliuliza Nanyori.

"Mikaeli, mama. Jina lake jipya. Yule wa zamani amezikwa humo majini."

Nanyori alisimama, maji yanamchuruzika kutoka kwenye shanga. Vigelegele vikakatika.

"Mikaeli simjui," alisema. "Mikaeli hakuniibia ng'ombe. Mikaeli hakula nyama na mume wangu. Nimehangaika miaka yote hii mpaka leo nimeweza kumsamehe Kuntai, na ninyi mnaniambia mmemzika? Sasa msamaha wangu nimpe nani?"

Kuntai akainuka pale chini, akasimama mbele yake, bado anakohoa.

"Mimi ni Kuntai," alisema. "Nipe mimi."